JE, MAMA YAKO AMELALA?

Kijana, ngoja kidogo kabla hujaitupa karatasi hii. Nina swali moja tu. Jana usiku uliporudi nyumbani, mama alikuwa amelala? Au ulimkuta amekaa macho, anasikiliza kila hatua inayopita nje?

Usikasirike. Sikuhukumu. Nataka nikusimulie habari za kijana mmoja aliyekuwa kama wewe, pengine hata kukuzidi.

Jina lake Alvin York, mtu wa Pall Mall, kijiji cha bondeni katika milima ya Tennessee, Marekani. Alizaliwa tarehe 13 Desemba 1887, mtoto wa tatu kati ya kumi na mmoja. Baba yake alikuwa mhunzi na mkulima maskini. Shule Alvin aliionja tu, miezi michache basi. Lakini shabaha alikuwa nayo! Akiinua bunduki, mnyama ameshaliwa.

Mwaka 1911 baba akafariki. Kaka zake wakubwa walikuwa wameshaoa na kuondoka, hivyo mzigo wa mama na wadogo zake ukamwangukia yeye. Siku za kazi alipiga kazi kwelikweli. Lakini juma likiisha, wee, hakamatiki! Yeye na washikaji zake walikuwa wakienda kwenye vilabu vya pombe mpakani mwa Tennessee na Kentucky. Huko ni kunywa, kucheza kamari na kupigana. Mshahara unaishia hukohuko. Alimpenda Gracie, binti wa jirani, lakini ni mzazi gani atamwoza binti yake mlevi?

Na kila alipotoka, mama yake alikesha akimwombea.

Basi usiku mmoja Alvin akarudi amelewa, akamkuta mama hajalala. Mama hakupiga kelele. Alimuuliza tu ni lini atakuwa mwanamume kama baba yake. Unajua, ngumi Alvin alizizoea, lakini swali lile lilimchoma moyoni. Akapiga magoti palepale. Tarehe 1 Januari 1915, wakati wa mikutano ya Injili kijijini kwao, akayatoa maisha yake kwa Yesu. Pombe akaiacha. Kamari akaiacha. Ngumi akaziacha. Washikaji walikuja kumwita tena, akakataa. Rafiki yangu, hapo ndipo vita yake kubwa ilipokuwa, na hakuna aliyempigia makofi.

Vita nyingine ilikuja mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Alvin aliomba asamehewe kwenda jeshini kwa sababu imani yake ilimkataza kuua. Ombi likakataliwa. Kambini makamanda wake walikaa naye, wakafungua Biblia na kujadiliana naye, kisha wakampa likizo akafikiri. Alikwenda milimani kwao akaomba, akarudi akiwa tayari kutumika.

Tarehe 8 Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne nchini Ufaransa, wanajeshi 17 wa kikosi chake walizunguka nyuma ya Wajerumani. Ghafla bunduki za rashasha zikawaelekea. Sita walikufa palepale, watatu wakajeruhiwa. Alvin, wakati huo koplo, akabaki akijibu mapigo, huku akiwapigia kelele maadui wajisalimishe ili asiue zaidi. Mwisho ofisa wao akakubali. Siku hiyo yeye na wenzake saba walirudi na mateka 132! Kesho yake alirudi pale pale akawaombea waliokufa, wa kwao na wa adui. Hakuona fahari kwa damu ile.

Akapewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya jeshi la nchi yake. Mwaka 1919 alipofika New York, watu walijaa barabarani kumshangilia. Matajiri wakamjia na fedha nyingi: weka jina lako kwenye tangazo hili, cheza sinema ile. Wewe ungefanyaje? Yeye alitaka kwenda nyumbani. Tarehe 7 Juni 1919, siku chache tu baada ya kufika, alimwoa Gracie palepale Pall Mall.

Wakalea watoto wao shambani. Maisha hayakuwa mteremko, nakuambia kweli. Alikuwa na madeni ya shamba, akaja kusumbuliwa na kodi mpaka 1961. Lakini hakurudi kilabuni. Kwa kuwa yeye hakusoma, alihangaika kuwajengea shule watoto wa milimani, hata akaliweka shamba lake rehani. Shule hiyo, ya Jamestown, ilianza mwaka 1926 na hadi leo inafundisha. Mwaka 1940 alikubali hatimaye sinema ya maisha yake itengenezwe, kwa kuwa alitaka fedha za kujenga shule ya Biblia.

Mwaka 1954 kiharusi kikamlaza kitandani. Mtu aliyeteka watu 132 sasa alihitaji kuinuliwa. Nani alikuwa kando yake? Gracie yuleyule. Alifariki tarehe 2 Septemba 1964, akazikwa kijijini kwao.

Sasa fikiri, kijana. Siku ukilala kitandani, wale wa kijiweni watakuja? Watu wanakumbuka siku moja ya Alvin msituni. Lakini mkewe na wanawe walikula matunda ya miaka arobaini na mitano ya baba aliyerudi nyumbani akiwa na akili zake. Yote yalianza usiku mmoja, mlevi alipopiga magoti.

Yesu aliyempokea Alvin hajabadilika. Hadai kwanza uwe msafi. Mwite hapo hapo ulipo, kwa maneno yako mwenyewe. Kisha nenda nyumbani mapema leo.

Mwache mama alale.