SHIRLEY CHISHOLM: MAMA ALIYETHUBUTU KUUTAKA URAIS

Je, wapiga kura wanaweza kumchagua mwanamke awe rais? Na mtu wa rangi au kabila la wachache je? Swali hili likitajwa darasani huzua zogo si haba. Huyu atasema wanawake wenyewe hawapendani, yule atasema dunia bado haijawa tayari. Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea kubishana, hebu tuyatazame maisha ya mama mmoja aliyekuwa mwanamke na vilevile mtu wa jamii ya wachache, na ambaye hakungoja dunia iwe tayari.

Shirley Anita St. Hill alizaliwa tarehe 30 Novemba 1924 huko Brooklyn, katika jiji la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wasio na kitu. Baba alitoka Guiana, wakati huo ikiwa koloni la Uingereza, naye alifanya kazi ya sulubu kiwandani. Mama alitoka kisiwa cha Barbados, naye alishona nguo na kufanya kazi katika nyumba za watu. Maisha ya jijini yalipowalemea, waliwapeleka mabinti zao Barbados wakalelewe na nyanya yao. Huko Shirley alisomea shule ya kijijini ambayo walimu wake hawakuwa na mchezo hata kidogo. Alirudi New York mwaka 1934 akiwa hodari wa kusoma na kuandika, na hadi uzeeni aliisifu shule ile kwa kumpa ufasaha. Ama kweli, samaki mkunje angali mbichi.

Mwaka 1946 alihitimu katika Chuo cha Brooklyn, akawa mwalimu wa watoto wadogo, na baadaye akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1949 aliolewa na Conrad Chisholm, na ndiyo maana tunamjua kwa jina hilo. Wakati huo wote alikuwa akihudhuria mikutano ya vyama vya siasa mtaani kwao. Aliona jambo lililomkera: akina mama ndio waliokusanya pesa, waliobandika picha na kupika chai, lakini viti vya mbele vilikaliwa na wanaume. Mwaka 1964 akagombea kiti katika bunge la jimbo la New York, akashinda.

Jaribio kubwa likaja mwaka 1968. Alitaka kiti cha Baraza la Wawakilishi katika Bunge la taifa huko Washington. Mpinzani wake hakuwa mtu wa kubeza. Alikuwa James Farmer, Mmarekani Mweusi mwenzake, kiongozi wa harakati za haki aliyejulikana nchi nzima. Kambi yake Farmer ilinadi kwamba watu Weusi wanahitaji sauti ya mwanamume. Shirley naye alikuwa ametoka kupasuliwa hospitalini mwaka uo huo. Kumbe alijua jambo ambalo wenzake hawakulipima: katika orodha ya wapiga kura wa eneo lile, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume! Basi akapita mtaa kwa mtaa, akazungumza na akina mama wa kanisani na wa vyama vya wazazi, na waliozungumza Kihispania akasema nao kwa Kihispania. Kura zilipohesabiwa, alikuwa amempita Farmer kwa zaidi ya mara mbili. Akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kabisa katika Bunge hilo.

Wakubwa wa Bunge walimpangia Kamati ya Kilimo. Hebu fikiria, mbunge wa jijini ambaye watu wake hawana hata shamba la kupanda mboga! Mbunge mgeni alitarajiwa kunyamaza na kushukuru. Shirley hakunyamaza. Alilalamika hadharani mpaka akahamishwa.

Tarehe 25 Januari 1972, ndani ya kanisa moja huko Brooklyn, alitangaza kwamba anautaka urais wa Marekani kwa tikiti ya chama cha Democratic. Wengine walicheka, wengine wakadhani ni mzaha. Pesa zake zilikuwa kidogo mno zikilinganishwa na za wapinzani. Midahalo ya runinga alifungiwa nje, mpaka alipodai haki yake kisheria ndipo akapewa nafasi ya kusema.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikutoka kwa maadui. Kilitoka nyumbani. Viongozi wengi Weusi walikuwa wanaume, na wengi wao walisita kumfuata mwanamke. Watetezi wa haki za wanawake nao waligawanyika. Baadhi walimpigia makofi, kisha wakampa nguvu zao mzungu waliyeona ana nafasi ya kushinda. Hoja ilikuwa ile ile: ati yeye anafaa, ila watu wengine hawatamchagua. Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Kila mtu alimwogopa mpiga kura wa jirani, na jirani naye alimwogopa mwingine. Hivyo kura ambazo zingeweza kuwa zake zikapotea kabla hata sanduku halijafunguliwa. Yeye mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba katika siasa alibaguliwa zaidi kwa kuwa mwanamke kuliko kwa kuwa Mweusi.

Mwezi wa Mei mwaka huo, mpinzani wake George Wallace, gavana wa Alabama aliyejulikana kwa kutetea ubaguzi wa rangi, alipigwa risasi akapooza miguu. Shirley alikwenda kumjulia hali hospitalini. Wafuasi wake walikasirika kweli kweli. Hata hivyo, miaka miwili baadaye Bunge lilipoamua wafanyakazi wa nyumbani nao walindwe na sheria ya mshahara wa chini, Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa kusini. Msomaji, usisahau kazi aliyofanya mama yake Shirley.

Katika mkutano mkuu wa chama huko Miami Beach, Julai 1972, Shirley alipata kura 152 za wajumbe, ilhali zilihitajika zaidi ya 1,500. George McGovern ndiye aliyeteuliwa, naye akaja kushindwa vibaya na Richard Nixon. Yule aliyeonekana ndiye wa kushinda, kumbe naye hakushinda!

Shirley aliendelea kuwa mbunge hadi mwaka 1983, kisha akarudi kwenye ualimu, safari hii chuoni. Alifariki tarehe 1 Januari 2005 huko Florida akiwa na umri wa miaka 80, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 2008, Wamarekani walimchagua Barack Obama, mtoto wa Mkenya kutoka Siaya, nasi huku tukapewa siku ya mapumziko kusherehekea. Ni yeye Obama aliyemtunukia Shirley nishani kuu ya taifa mwaka 2015, akiwa kaburini. Kwa hiyo nusu ya swali ilijibiwa. Nusu ya pili bado. Hillary Clinton alipata kura nyingi za wananchi mwaka 2016 lakini urais ukamponyoka, na Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais, akashindwa mwaka 2024. Hapa kwetu Charity Ngilu na Wangari Maathai walijitosa ulingoni mwaka 1997, wasifaulu.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Ni kweli, Shirley alitangulia na hakufika. Lakini pasipo wa kutangulia, wanaofuata watafuata nyayo za nani? Nasi siku tutakaposhika karatasi ya kura, tusijiulize jirani atamchagua nani. Jirani ana karatasi yake. Tujiulize ni nani anayefaa, kisha tutie alama.