Wakili Aliyepitia Lamu

Mwaka 1893 meli iliyomchukua wakili kijana Mohandas Gandhi kwenda Afrika Kusini ilitia nanga kwetu Lamu. Alishuka kuitazama bandari. Wakati wa kurudi mkondo ulikuwa mkali, na mkondo huo sote tunaujua. Alipofika, ngazi ya meli imeshapandishwa, ikabidi avutwe juu kwa kamba.

Alama zake za shule hazikuwa za kujivunia. Mtihani wa 1887 wa kuingilia chuo kikuu alipita kwa asilimia 40 hivi. Chuoni Bhavnagar masomo yalimshinda, akarudi nyumbani baada ya muhula mmoja. Rafiki wa familia ndiye aliyeshauri apelekwe London akasomee sheria. Wazee wa jamii yao walimtenga kwa kutaka kuvuka bahari; kaka yake Laxmidas akazitafuta pesa hivyo hivyo. Huko London alianguka Kilatini, akarudia, akafaulu. Mwaka 1891 akawa wakili.

Bila ya Laxmidas, tunaona angebaki Rajkot. Ndugu zetu, mfuko wetu wa karo hautazami alama peke yake, na mwaka huu waombaji wameshinda pesa tulizo nazo. Tunaomba michango ifike kabla vyuo havijafunguliwa.