Tom Mboya: kijana mwenye alikosa feza za masomo, akatafutia wengine ndege ya kwenda Marekani

Bunyakiri – Kila mwaka, wakati matokeo ya Exetat yanatangazwa, kule Bulambika watoto wenye wamepita wanapakwa poda kwenye kichwa, wanatembea wakiimba barabarani, na wamama wanapiga vigelegele. Furaha hiyo inadumu siku mbili ao tatu. Kisha inakuja hesabu. Minerval ya mwaka wa kwanza, chumba cha kupanga Bukavu, chakula, makaratasi, nauli ya gari yenye kupita katikati ya mbuga ya Kahuzi-Biega mpaka Miti. Muzazi mwenye analima mihogo na kukamua mawese anaangalia mbuzi zake, anaangalia na watoto wengine wenye wangali kwenye masomo ya musingi, ananyamaza. Wengi kati ya wale waliopakwa poda wanabaki kijijini: mumoja anafundisha bila mushahara, mwingine anaendesha moto, mwingine anaingia kwenye machimbo.

Leo tunaleta maisha ya mutu mumoja mwenye alijua hesabu hiyo vizuri. Hakuwa Mukongomani, lakini kazi yake ilifika kwa inchi nyingi, na alikutana na Patrice Lumumba mbele ya uhuru wetu. Jina lake ni Thomas Joseph Odhiambo Mboya, mwenye watu wote walimuita Tom.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 kule Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika inchi ya Kenya. Jamaa yake ilitoka mbali na hapo, kwenye kisiwa cha Rusinga ndani ya ziwa Victoria. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa amehama juu ya kutafuta kazi, na akaipata katika shamba la mukonge la muzungu, ambako alisimamia wafanyakazi wenzake. Wazee wetu wenye walifanya kazi katika mashamba ya kahawa, chai na kinini hapa Kivu wanajua maisha ya namna hiyo: mutu ana kazi, lakini mushahara ni wa kununua chumvi na nguo, si wa kulipia watoto wengi masomo kwa mara moja.

Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, basi mutoto alipita kwenye masomo ya wamisionere. Alianzia Kabaa, katika eneo la Wakamba, kisha akapelekwa St. Mary's kule Yala, na mwisho Mangu, moja kati ya masomo makubwa ya Wakatoliki wa Kenya wakati ule. Kila hatua ilikuwa mbali na nyumbani, na kila hatua iliongeza deni la baba. Mwaka wa 1947, Tom alikuwa amepita mutihani wenye kumuruhusu kuendelea mpaka cheti cha Cambridge, chenye kilikuwa kama diplome d'État kwetu: bila hicho, mulango wa chuo kikuu unafungwa. Hakuendelea. Feza zilikuwa zimeisha, na wadogo wake walikuwa wanangojea zamu yao. Hakushindwa mutihani wala hakufukuzwa. Alikosa tu mutu wa kulipa.

Alichofanya kisha pale ni jambo lenye vijana wengi wa kwetu wangepaswa kulitazama kwa karibu. Alitafuta somo lenye halikuomba feza, bali lenye kutoa posho kidogo kwa mwanafunzi. Mwaka wa 1948 aliingia katika somo la wakaguzi wa usafi huko Nairobi. Haikuwa ndoto yake. Lakini kisha miaka mitatu hivi alitoka na cheti mukononi na kazi katika muji wa Nairobi, akaanza kusaidia wadogo wake kusoma.

Kazini aliona mambo yenye hakusahau. Mukaguzi muzungu, mwenye cheti sawa na chake, alipata mushahara karibu mara tano ya wake. Siku moja mwanamuke muzungu aliingia katika chumba chenye walikuwa wanapimia maziwa, akaangalia huku na huku, akauliza kama hakuna mutu ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Hadithi hiyo aliisimulia mara nyingi kisha kuwa mukubwa.

Pale ndipo aliingia katika kazi ya sendika. Alikusanya wafanyakazi wa muji, na mwaka wa 1953, akiwa na miaka 23 tu, akawa katibu mukuu wa shirikisho la sendika za Kenya. Ulikuwa wakati mugumu sana: vita vya Mau Mau, hali ya hatari, vyama vya siasa vya Weusi vimekatazwa, Jomo Kenyatta yuko gerezani. Sendika ilibaki karibu njia pekee yenye Mweusi angeweza kusema mbele ya watu bila kufungwa mara moja, na Mboya aliitumia. Mwaka wa 1955 alisaidia kumaliza mugomo mukubwa wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, mishahara ikapanda, jina lake likajulikana mpaka Ulaya.

Ndipo bursa ilimufikia, kwa njia ya kazi yake. Sendika za Uingereza na marafiki zao walimupatia nafasi ya mwaka moja katika Ruskin College kule Oxford, chuo chenye kilianzishwa juu ya wafanyakazi wenye hawakupata nafasi ya kusoma wakati wa utoto. Alisoma huko 1955 na 1956. Hakupata lisansi. Mpaka kufa kwake, huyu mutu mwenye alitumia nguvu zake nyingi kupeleka wengine kwenye chuo kikuu hakuwa na diplome ya chuo kikuu yenye aliikalia yeye mwenyewe darasani. Ile yenye alipata mwaka wa 1959 kutoka Howard, chuo kikuu cha Weusi kule Washington, ilikuwa ya heshima.

Alipotoka Oxford alipitia Marekani, na huko akakutana na mufanyabiashara kijana, William Scheinman, mwenye aliuza vipande vya ndege. Wakawa marafiki. Jambo lenye walizungumza sana lilikuwa hili: katika Afrika ya Mashariki yote kulikuwa chuo kikuu kimoja tu, Makerere, na nafasi zake zilikuwa chache. Nairobi ilikuwa na chuo cha ufundi chenye kilikuwa kinaanza. Serikali ya Waingereza ilipeleka wachache tu Uingereza, tena wale wenye iliwachagua yenyewe. Lakini uhuru ulikuwa unakaribia. Nani angeshika kazi za ofisi, hospitali, mahakama na masomo?

Musomaji wa Kongo anajua jibu la ulizo hilo, kwa sababu sisi tuliliishi. Lovanium ilifunguliwa 1954 tu, chuo kikuu cha Elisabethville 1956, na tarehe 30 Juni 1960 Wakongomani wenye lisansi ya chuo kikuu walikuwa wachache mno kwa inchi kubwa kama hii: hawakufika hata makumi matatu. Matokeo yake tuliyaona.

Mwezi wa Desemba 1958, Mboya alikuwa na miaka 28 wakati alichaguliwa kuongoza mukutano wa watu wa Afrika yote kule Accra, kwa Kwame Nkrumah. Ndani ya ukumbi alikuwamo Lumumba, aliyefika kutoka Léopoldville. Wote wawili walirudi kwao na hamu ileile, lakini Mboya alikuwa tayari na mupango mukononi.

Mupango wenyewe ulitokana na jambo dogo lenye wengi hawakuliona. Vijana wa Kenya walikuwa wameanza kuandikia vyuo vya Marekani barua wao wenyewe. Vyuo vingi, hasa vidogo vya dini na vya Weusi, vilijibu kwamba vitawapokea, na mara nyingi vilisamehe minerval. Lakini barua ya kukubaliwa ilibaki ndani ya sanduku, kwa sababu kijana hakuwa na tiketi ya ndege. Nauli ilipita mapato ya jamaa kwa miaka mingi. Mboya na Scheinman waliona kwamba kama watajaza ndege moja nzima badala ya kununua tiketi mojamoja, bei ya kila mutu itashuka sana.

Katika miezi ya Aprili na Mei 1959 Mboya alizunguka Marekani kwa majuma karibu sita, akizungumza mbele ya watu kwenye vyuo, makanisa na sendika. Aliomba vitu viwili: nafasi za kusoma na feza za ndege. Shirika lilianzishwa juu ya kukusanya feza, na watu watatu wenye kujulikana sana walitia sahihi kwenye barua ya kuomba musaada: Jackie Robinson muchezaji wa baseball, mwimbaji Harry Belafonte, na Sidney Poitier wa sinema. Maelfu ya watu walitoa, wengi wao dola chache tu. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ilishuka New York na wanafunzi 81.

Lakini upande wa Kenya kazi ilikuwa kubwa vilevile, na hapa ndipo sisi tunaweza kujitambua. Kijana alipaswa kuonyesha kwamba ana feza kidogo za kuanzia maisha. Basi vijiji vilifanya karamu za chai zenye kila mutu analipa kikombe kwa bei kubwa kuliko kawaida. Wajomba waliuza ng'ombe. Makanisa yalipitisha kikapu. Mutoto hakuwa tena wa baba yake peke yake, alikuwa wa kilima chote. Mutu mwenye amekaa katika likilimba ao katika AVEC ya kwetu ataelewa haraka: hakuna mutu mumoja aliyelipa yote. Chuo kilisamehe sehemu, Wamarekani walilipa ndege, kijiji kikatoa feza za mufuko, na mwanafunzi akafanya kazi ya kuosha sahani wakati wa likizo. Kila sehemu peke yake ilikuwa ndogo.

Haikukosa maneno. Wakubwa wa Kiingereza walisema vyuo hivyo ni dhaifu na wanafunzi hawakutayarishwa vizuri. Wengine walimushitaki Mboya kwamba anatumia ndege kujitafutia wafuasi. Ni vigumu kusema kwamba hakupata faida ya siasa, kwa sababu aliipata, na alijua. Lakini kati ya waliochagua wanafunzi walikuwamo Wakikuyu kama Julius Kiano, na ndege ilibeba watoto wa makabila mbalimbali. Ni kweli pia kwamba wanafunzi wengine waliteseka: baridi, upweke, ubaguzi, na feza zenye kuisha katikati ya mwaka.

Mwaka wa 1960 mambo yaligeuka kuwa siasa ya Marekani yenyewe. Wanafunzi wenye kungojea walikuwa wengi zaidi, si wa Kenya tu bali pia wa Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wizara ya mambo ya inje ya Marekani ilikataa kulipa. Tarehe 26 Julai Mboya alimutembelea seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port. Kennedy alikuwa anatafuta kuwa prezida. Shirika la jamaa yake likaahidi dola 100.000. Watu wa Richard Nixon, mushindani wake, waliposikia, mara moja serikali ikapata feza zenye ilikuwa imesema haina. Kelele zilifika mpaka kwenye Seneti. Ndege ziliruka.

Katika kundi la 1960 alikuwamo musichana wa Nyeri aliyepelekwa kwa masista wa Atchison, katika jimbo la Kansas. Ni Wangari Maathai, aliyepata zawadi ya Nobel ya amani mwaka wa 2004. Watu wengi wanasema Barack Obama baba naye alisafiri ndani ya ndege ya 1959. Si hivyo: alifika Hawaii kwa njia nyingine, ingawa Mboya na rafiki zake walimusaidia. Kufika 1963, wanafunzi karibu 800 walikuwa wamepita katika mupango huo. Wengi walirudi, wakawa walimu, wanganga, wakubwa wa serikali mupya. Pamela Odede, mumoja kati yao, alirudi kutoka Ohio, na mwezi wa Januari 1962 akafunga ndoa na Mboya mwenyewe.

Juu ya kazi yake ya waziri tutasema kidogo. Alishika wizara ya kazi, ya sheria, kisha ya mipango ya uchumi. Alikuwa na akili ya haraka na ulimi mukali, na alijiongezea maadui. Watu wengi waliona kwamba ndiye angemufuata Kenyatta.

Siku ya posho, tarehe 5 Julai 1969, alitoka kwenye duka la dawa katikati ya Nairobi. Mutu alimupiga risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa, lakini mpaka leo Wakenya wanaulizana nani alimutuma. Fujo zilipiga Nairobi na Kisumu, na maiti yake ikasafirishwa kwa barabara mpaka Rusinga, watu wakisimama kandokando ya njia. Kaburi lake liko huko, ndani ya nyumba ndogo yenye kujengwa kwa umbo la risasi, si mbali na maji ya ziwa, kwenye kisiwa chenye baba yake alikiacha zamani juu ya kutafuta mushahara.