Jackie Mittoo: Vidole Vilivyobeba Sauti za Wengine

Wapenzi wa rege aghalabu humkumbuka mwimbaji wakamsahau mpiga ala. Desturi hiyo imempunja sana Donat Roy Mittoo, aliyejulikana kwa jina la Jackie, msanii ambaye umaarufu wake ulitoka vidoleni zaidi ya kinywani.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 huko Brown's Town, eneo la St Ann, kisiwani Jamaika. Nyanya yake ndiye aliyemfunza piano angali mtoto mdogo. Mwaka wa 1964, kabla hajatimiza miaka kumi na saba, alikuwa miongoni mwa waasisi wa The Skatalites, kundi la magwiji wa ska. Kundi hilo lilisambaratika mwaka uliofuata. Yeye na mpiga saksafoni Roland Alphonso wakaunda Soul Brothers. Baadaye zikaja Soul Vendors na Sound Dimension. Majina yalibadilika, kazi ikabaki ile ile: kuwapigia waimbaji wa Studio One, studio ya Clement Dodd, maarufu kama Coxsone, iliyokuwa katika barabara ya Brentford jijini Kingston. Mittoo ndiye aliyeongoza muziki pale, barobaro akiwaelekeza watu waliomzidi umri.

Hapa yafaa kueleza maana ya ridimu. Ni mapigo ya besi, ngoma na kinanda yanayorekodiwa mara moja, kisha waimbaji mbalimbali wakayawekea maneno yao, hata miaka mingi baadaye. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashangaa. Malenga huikuta bahari imekwisha kuwako, akaitumia, wala hakuna anayemdai chochote kwa kutunga tarbia. Lakini ulinganisho huu una mpaka wake. Bahari haina mwenyewe. Ridimu ilipigwa na watu wanaojulikana, na watu hao walikuwa na tumbo la kulisha.

Mfano ulio bora ni Real Rock, iliyorekodiwa na Sound Dimension mwaka wa 1967. Ni kipande kisicho na maneno: besi nzito yenye noti chache, tromboni ya Vin Gordon inayolalama juu yake, na ogani ya Mittoo ikidakiza kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Willie Williams aliyachukua mapigo hayo hayo akaimba Armagideon Time, wimbo wa njaa na dhuluma. Papa Michigan na General Smiley nao wakayaghania Nice Up the Dance, wimbo wa kuchangamsha ngoma. Msingi mmoja ulibeba kilio na kicheko, na kwa maoni yangu hakuna ushahidi mkubwa zaidi wa ustadi wa walioujenga. Mnamo Desemba 1979 kundi la The Clash la Uingereza liliutoa upya wimbo wa Williams.

Ridimu nyingine ya Sound Dimension, Full Up, ilisafiri mbali zaidi. The Mighty Diamonds waliitumia mwaka wa 1981 katika wimbo kuhusu kiko cha bangi. Mwaka uliofuata vijana wa Musical Youth, huko Birmingham, waligeuza kiko kuwa chungu cha kupikia, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Angalau humo Mittoo aliandikwa kuwa mmoja wa watunzi. Katika santuri nyingi za Studio One, anayetajwa kuwa mtunzi ni mwenye studio. Wapiga ala walipokea ujira wa kazi, basi.

Huenda jambo hilo lilichangia safari yake. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 alihamia Toronto, Kanada, ingawa aliendelea kurudi Kingston kurekodi. Huko ugenini wimbo wake Wishbone ulivuma mwaka wa 1971. Katika miaka ya 1980 alirekodi pia New York, katika studio ya Wackies ya Lloyd Barnes, wakati ambapo madijei wa dansihali walikuwa wakishindana juu ya mapigo aliyoyapiga akiwa kijana.

Saratani ilimuua huko Toronto tarehe 16 Desemba 1990, akiwa na umri wa miaka 42. Hadi wakati huo Jamaika ilikuwa ingali ikitegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka wa 1911. Sheria yake yenyewe ilipitishwa mwaka wa 1993.