Kuuawa kwa Abraham Lincoln

Abraham Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809, katika jimbo la Kentucky, Marekani, ndani ya kibanda cha magogo. Baba yake alikuwa mkulima, na mama yake alikufa Abraham alipokuwa na umri wa miaka 9. Siku zote alizokwenda shule, ukizijumlisha, hazikutimia mwaka mmoja. Lakini aliazima vitabu na kusoma kila alipopata nafasi. Alipokuwa mtu mzima alipasua magogo kwa ujira, akafanya kazi dukani, kisha akajifunza sheria peke yake, hata akawa wakili.

Wakati ule majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa na mashamba makubwa ya pamba, nayo yalilimwa na watumwa, watu weusi ambao wazee wao walichukuliwa kutoka Afrika. Jumla yao ilikaribia 4,000,000. Waliuzwa mnadani kama ng'ombe, mama akatengwa na mtoto wake. Majimbo ya kaskazini yalikuwa yamekwisha kuacha jambo hili. Lincoln naye aliona utumwa ni dhuluma, wala hakutaka uenee katika nchi mpya za magharibi. Basi alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 1860, wenye watumwa walikasirika. Majimbo yao yakaanza kujitenga, hata yakawa 11. Vita vikatokea Aprili 1861, vikadumu miaka 4.

Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote wa nchi zilizoasi ni watu huru. Watu weusi wapata 180,000 wakaingia jeshini kupigana upande wake. Hata tarehe 9 Aprili 1865 Lee, jemadari mkuu wa kusini, akasalimu amri.

Siku mbili baadaye watu wengi walikusanyika mbele ya nyumba ya Rais, mjini Washington. Walitazamia maneno ya kushangilia ushindi. Lakini Lincoln alisimama dirishani akanena habari ya kuitengeneza nchi upya, akasema angependa watu weusi wenye elimu, na wale waliokuwa askari, wapewe haki ya kupiga kura. Angalieni, wasomaji, hakusema wote wapewe. Hata hivyo hapana Rais aliyepata kunena hivyo mbele ya watu.

Katika mkutano ule alikuwapo John Wilkes Booth, kijana wa miaka 26, mchezaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza, mwenye kuupenda upande wa kusini. Tangu mbele alikuwa amefanya shauri na wenzake wamkamate Rais. Sasa, aliposikia habari ya kura, aliazimia kumwua.

Usiku wa Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili, Lincoln na mkewe walikwenda kutazama mchezo katika nyumba ya Ford. Mlinzi hakuwapo mlangoni. Booth alizijua njia zote za nyumba ile, maana alikuwa ameigiza humo, wala hapana aliyemshuku. Alingoja mpaka watu walipocheka sana, akampiga Rais risasi nyuma ya kichwa, akaruka jukwaani, akatoroka juu ya farasi. Saa ile ile mwenzake alimchoma kisu Waziri Seward kitandani, lakini Seward alipona. Mwingine, aliyeagizwa kumwua Makamu wa Rais, Andrew Johnson, aliingiwa na hofu, akaenda zake.

Lincoln alichukuliwa nyumba ya ng'ambo ya njia. Alikuwa mrefu mno, hata ikawapasa kumlaza kitandani kwa mshazari. Akafa asubuhi, saa moja na dakika 22. Booth alisakwa siku 12, akapigwa risasi katika ghala huko Virginia. Wenzake wanne walinyongwa, mmoja wao mwanamke.

Johnson akashika mahali pa Lincoln. Naye, mtu wa kusini, aliwasamehe upesi mabwana wengi wa zamani, wala hakutaka watu weusi wapewe kura. Utumwa ulikomeshwa katika nchi nzima Desemba 1865, kwa sheria ambayo Lincoln mwenyewe aliihimiza. Kura ilikawia. Mwaka 1870 sheria kuu ya nchi ilikataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake, lakini wakubwa wa kusini waliizuia kwa hila, kwa kodi na mitihani ya kusoma, na kwa vitisho. Watu weusi wengi wa huko hawakuipata mpaka sheria nyingine ilipotolewa mwaka 1965.