Maisha ya Daktari Clemens von Pirquet

Wengi wetu hapa Kasese na Bwera tumewahi kumwona mtu aliyepigwa sindano ya penisilini, kisha akatokwa na vipele na kuwashwa usiku kucha. Jamaa zake huulizana kama dawa ilikuwa sumu, na vipele vitaisha lini. Yuko daktari mmoja aliyetufungulia njia ya kujibu maswali hayo, hata kabla penisilini haijajulikana. Jina lake Clemens von Pirquet.

Alizaliwa tarehe 12 Mei, 1874, karibu na Vienna, mji mkuu wa Austria, katika jamaa ya watu wa cheo. Kwanza alisoma mambo ya dini, kisha falsafa, lakini moyo wake ulivutwa na udaktari. Basi akageuza njia, akapata shahada yake mjini Graz mwaka 1900, akaenda kutibu watoto huko Vienna.

Siku zile dondakoo liliua watoto wengi sana. Dawa yake ilitengenezwa kwa maji ya damu ya farasi, nayo iliokoa wengi. Lakini watoto wengine, koo likiisha kupona, waliugua upya: homa, vipele, na viungo kuvimba. Pirquet na mwenzake Béla Schick wakaanza kuhesabu siku. Wakaona kwamba mtoto aliyepigwa sindano mara ya kwanza huugua baada ya siku 8 hadi 12, bali yule aliyekwisha kupigwa zamani huugua upesi, pengine siku ile ile. Kama ingekuwa sumu tu, kwa nini ikawie mara ya kwanza na kuharakisha mara ya pili? Wakafahamu kwamba mwili wenyewe hujifunza kuitambua dawa na kuunda silaha za kupigana nayo, na vita hivyo ndivyo vinavyomwuguza mtoto. Waliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1905, na mwaka 1906 Pirquet akalipa jina la aleji. Sisi leo twaita mzio.

Mwaka 1907 alivumbua njia ya kupima kifua kikuu kwa kukwaruza ngozi. Mwaka 1909 alikwenda Marekani kufundisha, na mwaka 1911 akarudi Vienna. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, watoto wa Austria waliposhikwa na njaa, yeye alisimamia kazi ya kuwalisha kwa chakula kilicholetwa kutoka Marekani. Alifariki tarehe 28 Februari, 1929, siku moja na mkewe. Miezi michache tu kabla ya hapo, Septemba 1928, Alexander Fleming alikuwa ameigundua penisilini huko London. Pirquet hakuwahi kuiona ikitumiwa.

Hata hivyo hesabu yake yatufaa. Vipele vinavyotokea upesi baada ya dawa, mara nyingi hupotea kwa saa chache au siku chache dawa ikiisha kuachwa. Vile vinavyotokea baada ya siku kadhaa huweza kukaa wiki moja au mbili, hata kama dawa imeachwa, maana mwili bado unapigana. Kwa hiyo tusistaajabu wala tusikimbilie kumshuku jirani. Lakini uso au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, au ngozi ikitoka malengelenge, mgonjwa asingoje kuhesabu siku: apelekwe hospitali mara moja.

Tena tukumbuke habari ya sindano ya pili. Vipele huisha, lakini mwili huweza kukumbuka kwa miaka mingi. Mtu wa Bwera aliyenunua vidonge dukani akatokwa na vipele, kesho akilazwa Kasese, mganga atajuaje? Na aandike jina la dawa ile katika daftari lake la matibabu, alionyeshe kila aendapo. Wengi huacha kuwa na mzio huo baada ya miaka, lakini kazi ya kupima ni ya daktari, mtu asijijaribu mwenyewe nyumbani.

Pirquet hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na kalamu, daftari, na subira ya kukaa karibu na mgonjwa. Kalamu na daftari sisi tunavyo.