George Eastman: Karani wa benki aliyewapa watu wa kawaida kamera

MWAKA wa 1888, mtu aliyenunua kamera mpya ya Kodak nchini Marekani alilipa dola 25 na kupewa kisanduku ambacho tayari kilikuwa na filamu ya picha 100. Alivuta uzi, akabonyeza kitufe, kisha akazungusha ufunguo ili filamu isonge mbele. Hakuhitaji kujua zaidi ya hayo. Picha zilipokwisha, alikituma kisanduku kizima kiwandani Rochester, jimbo la New York, pamoja na dola 10. Kilimrudia kikiwa na filamu mpya, na picha zake zikiwa zimesafishwa na kubandikwa kwenye kadi, kila moja ya umbo la duara.

Aliyebuni mpango huo hakuwa mwanakemia wala mpigapicha wa kulipwa. George Eastman alikuwa karani wa benki.

Alizaliwa Julai 12, 1854, katika mji mdogo wa Waterville. Babake alifariki mwaka wa 1862, na mamake, Maria, akalazimika kuweka wapangaji nyumbani ili watoto wapate riziki. Dadake mmoja, aliyelemazwa na ugonjwa wa kupooza, aliaga dunia mwaka wa 1870. Kufikia wakati huo Eastman alikuwa amekwisha kuacha shule na kuwa tarishi katika afisi ya bima kwa mshahara wa dola tatu kwa wiki. Umaskini wa mamake ulimkereketa maisha yake yote, na hakuoa kamwe.

Upigaji picha ulimjia kwa njia ya safari ambayo hakuifunga. Akiwa na miaka ishirini na ushei alipanga kwenda Santo Domingo, akashauriwa abebe kamera. Alichouziwa kilikuwa shehena: kamera kubwa, miguu yake, hema la giza, vioo na chupa za kemikali. Kioo kilipakwa dawa papo hapo, kikapigiwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Safari ikafa, lakini udhia ule ukabaki akilini. Alisoma katika majarida ya Uingereza kwamba vioo vingeweza kupakwa dawa ya jelatini na kutumika vikiwa vikavu, akaanza kufanya majaribio usiku jikoni kwa mamake, mchana akiwa benki.

Mwaka wa 1879 alipata hataza jijini London kwa mashine ya kupaka vioo hivyo. Mwaka wa 1881 aliunda kampuni pamoja na Henry Strong, aliyewahi kuwa mpangaji wa mamake. Haukupita muda vioo vilivyokwisha kuuzwa vikaanza kuharibika. Eastman aliamua kuvirudisha na kuwalipa wateja kwa vingine vizuri, uamuzi ambao nusura uiangamize kampuni changa.

Posta iliingia katika biashara hiyo kwa sababu ya kiufundi. Filamu ya kwanza ya Kodak ilikuwa ya karatasi, na tabaka la jelatini lenye picha lilipaswa kubanduliwa kwa uangalifu mkubwa kabla ya picha kuchapishwa. Kazi hiyo ilimshinda mtu wa kawaida, kwa hivyo kiwanda kiliifanya kwa niaba yake. Hata hivyo, bei haikuwa ya maskini. Ni kamera ya Brownie ya mwaka wa 1900, iliyouzwa dola moja, iliyofika mikononi mwa watoto na vibarua.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Filamu angavu iliyotoka kiwandani mwake mwaka wa 1889 ilikuwa imetanguliwa na ombi la hataza la mwaka wa 1887 la Hannibal Goodwin, kasisi wa Newark. Goodwin alisubiri hataza hiyo hadi 1898, akafariki mwaka wa 1900. Kesi iliyofuata iliburutwa mahakamani hadi kampuni ya Eastman ilipolipa dola milioni tano mwaka wa 1914. Kasisi mwenyewe alikuwa kaburini.

Utajiri wake aliugawa akiwa hai. Chuo cha teknolojia cha MIT kilipokea mamilioni kutoka kwa mfadhili aliyejulikana tu kama Bw Smith, na ukweli ukafichuka mwaka wa 1920. Tuskegee na Hampton, vyuo vya Wamarekani weusi, navyo vilipata fungu. Alijenga kliniki za meno za watoto, Rochester na hata London.

Mwaka wa 1926, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alikuja Kenya kuwinda na kupiga picha pamoja na Martin na Osa Johnson, mume na mke waliopiga kambi mlimani Marsabit kuwarekodi wanyama kwa filamu. Alirudi Afrika mwaka wa 1928.

Baada ya hapo uti wa mgongo ulimsaliti, hata kutembea kukawa mateso. Machi 14, 1932, akiwa na miaka 77, alijitoa uhai nyumbani kwake Rochester.

Kampuni yake iliendelea kuuza filamu za rangi za Kodachrome, zilizoanza mwaka wa 1935, zikiwa na gharama ya kusafishwa ndani ya bei. Mwaka wa 1954 serikali ya Marekani ililazimisha utaratibu huo ukomeshwe nchini humo ili maabara nyingine zipate nafasi. Maabara ya mwisho duniani iliyosafisha Kodachrome, mjini Parsons, Kansas, ilipokea vifurushi vya mwisho Desemba 2010.